Ukuta Uliosiribwa Vizuri Mno

Wewe unayenisikiliza, kunja kwanza mikono ya nguo yako, maana habari hii ina udongo mwingi, na sitaki ukifika kwenu uulizwe ulikuwa wapi. Nitakwenda polepole. Ukiona nimekawia kwenye jambo dogo, kama vile namna ya kukanyaga udongo au majivu ya kuchanganya, nivumilie. Mambo madogo hayo ndiyo yaliyoivunja nyumba ya mtu, na usipoyajua utadhani ilivunjwa na mvua.

Nilikuwa yaya wa watoto wa Wazungu, kwenye nyumba moja kubwa ya mawe upande wa barabara ya Ngong. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha si zamani sana. Jumamosi, nikishamaliza kazi za mchana, nilivua aproni nikashuka kwa miguu hadi Kibra, na kuanzia hapo mpaka Jumapili jioni nilikuwa mtu huru. Wasichana wenzangu mapumziko yao waliyatumia kusukana nywele, kwenda kwenye ngoma za arusi, au kufuma vifuniko vya chakula kwa ukindu wa rangi. Mimi nilikuwa na mama yangu, na mama yangu alikuwa na udongo.

Kikundi chake hakikuwa na jina. Watu walisema tu, "Waiteni wale wa udongo." Walikuwa akina mama wa mtaa wetu, na kazi yao ilikuwa kukandika nyumba za watu wasio na mtu: wajane, wagonjwa, wanawake ambao waume zao walikwenda na jeshi wakasahau kurudi. Hawakulipwa. Mwenye nyumba akiwa na chai alitoa chai. Akikosa majani, tulikunywa maji ya moto yenye kipande cha tangawizi, na mama alisema, "Chai ya leo imeiva mpaka imepauka," tukacheka, na mwenye nyumba naye akapata pa kufichia aibu yake.

Sasa nikueleze kwa nini udongo ulikuwa jambo zito kwetu. Babu zetu Wanubi walikuwa askari wa Keya, ndilo jina tulilolipa jeshi la Mwingereza la huku. Walipozeeka kwa vita walionyeshwa msitu huu wakaambiwa wakae. Waliambiwa kwa mdomo. Ardhi yenyewe ilibaki ya Serikali, na miaka ilivyokwenda Serikali ikaanza kujuta. Nilipokuwa msichana amri ilikuwa hivi: aliye na nyumba ya zamani na akae, na ikichakaa airekebishe. Kujenga mpya, marufuku. Nyumba ikianguka imekwenda, mwenyewe atafute pa kwenda. Kulikuwa na afisa mmoja Mzungu aliyepita mara kwa mara na karani wake Mwafrika, akigonga kuta kwa fimbo na kutazama. Kwa hiyo ukuta wa udongo uliozeeka ulikuwa na kazi mbili: kuzuia baridi, na kushuhudia kwamba nyumba ilikuwepo tangu hapo.

Shika hiyo kazi ya pili. Sisi tuliisahau.

Palikuwa na bibi kizee mmoja tuliyemwita Haboba, yaani nyanya kwa Kinubi, ingawa hakuwa nyanya wa mtu. Mumewe, askari, alimchukua akiwa msichana mdogo wakati wa vita vya kwanza, katika nchi ya Wajerumani huko kusini, akaja naye akitembea nyuma ya msafara. Jina la kijiji chao lilimtoka. Lugha ya mama yake nayo ilimtoka, ikabaki nusu ya wimbo wa kubembelezea mtoto, na mtoto hakujaliwa. Mume akafa. Kisha macho yakaanza kuingia ukungu mweupe, na kufikia wakati ninaousema alikuwa akitambua mwanga na giza tu, na kivuli cha mtu akisimama mlangoni.

"Mimi najua njia ya nyumba moja tu duniani," alikuwa akisema. "Hii. Ikianguka nitupeni kwa fisi."

"Fisi wa Ngong hawali mifupa mitupu, Haboba," mama alimjibu.

"Basi ngojeni kwanza ninenepe."

Na nyumba ilikuwa ikianguka kweli. Masika yalikuwa yameula ukuta wa mbele mpaka fito zikaonekana kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Nguzo ya pembeni ilikuwa imeliwa na mchwa. Ukiisukuma kwa kidole ilitikisika. Paa la madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa lilikuwa limetobolewa na kutu, na mvua ikinyesha Haboba alihama na mkeka wake kutoka pembe moja hadi nyingine akifuata sauti ya matone. Mzee wa mtaa alipita akasema waziwazi kwamba afisa akiikuta imelala, Haboba hataruhusiwa kuinua hata ufito mmoja. Nyumba hiyo ndiyo haki yake yote. Ikilala, haki imelala.

Mama akasema, "Jumamosi hii hatuendi kwingine."

Katika kikundi chetu alikuwemo mwanamke mmoja asiye wa Kibra. Alikuwa Mkikuyu wa Kawangware, mke wa mtu mwenye shamba la ukoo huko. Alikuwa akituletea mboga na viazi vitamu mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Alianza kwa kutuuzia, akaishia kukanyaga udongo pamoja nasi. Ndiye aliyejua palipo udongo mweupe wa kupambia, kwenye ukingo wa kijito cha upande wao, na aliuleta umefungwa kwa majani ya mgomba. Yeye na mama hawakuweza kufanya kazi bila kuchokozana.

"Haiya! Nyinyi watu wa Kibra," alisema, "mnapamba ukuta kama mnauoza kwa bwana arusi."

"Na nyinyi wa Kawangware mnauacha kama mgongo wa kenge, halafu mnauegemea."

"Nyumba ni ya kulala, mama, si ya kulambwa."

"Huyu mwanamke," mama alitugeukia, "siku nikifa asiniguse, atanizika na madongoa."

Hivi ndivyo kazi ilivyofanywa. Ukitaka kujifunza sikiliza vizuri, si ngumu. Tulichimba udongo mwekundu tukauchanganya na ule mweusi wa bondeni unaoshika kama gundi. Mwekundu peke yake hupasuka. Mweusi peke yake huvimba mvua ikija. Tukautia maji, tukaukanyaga mpaka kila ukiinua kisigino unasikia kama mtu anakubusu. Ukalazwa, ukafunikwa. Kisha ikaja kazi yenyewe ya kukandika: unafinyanga tonge, unalitupa kwa nguvu kati ya fito mpaka liingie, unalisukuma kwa ngumi. Unauacha ukuta ukauke na upasuke nyufa unavyotaka. Usiogope nyufa za mwanzo.

Ndipo inapokuja kazi ya kusiriba, na hapa mafundi huachana. Unachekecha udongo uwe laini, unautia mavi mabichi ya ng'ombe na majivu, unapaka kwa kiganja, kwa mduara, kutoka chini kwenda juu. Mama akishasiriba, ukipitisha mgongo wa kidole husikii hata chembe ya mchanga. Siri yake, nakupa bure, ilikuwa kuulowesha kwanza ukuta wa zamani, tena na tena, na kuukwaruza kidogo, ili udongo mpya uingie ndani ya ule wa zamani uwe kitu kimoja nao. Fundi mbaya hubandika. Udongo wake ukikauka hubanduka kama ganda la kidonda, ukaona kilicho chini. Katika ukuta wa mama hukuweza kuona mpaka kati ya udongo huu na ule.

Jumamosi ya kwanza tulibadilisha nguzo. Mume wa yule rafiki yetu wa Kawangware akaleta madebe ya mafuta ya taa yasiyo na kutu hata kidogo, tukayapasua, tukayapiga yakanyooka, tukaezeka paa lote. Yale ya zamani yalikuwa yamegeuka unga mikononi, tukayatupa bondeni. Wiki zilizofuata tukakandika. Kule kwa Wazungu wangu wakati huohuo mafundi walikuwa wakipaka rangi veranda na kubadilisha vigae, na jirani wa upande wa pili alikuwa akiongeza chumba cha wageni. Nilimtazama fundi akichanganya saruji, mtoto wa watu mgongoni mwangu, nikawa najisemea kwamba Jumamosi nami nitakuwa juu ya ngazi.

Ilipofika siku ya kusiriba, Haboba alitoka akiupapasa ukuta wa mbele. Karibu na mlango, usawa wa kifua chake, palikuwa na kibonde. Miaka yote aliyoishi pale alikuwa akiingia ndani kwa kuegemeza kiganja mahali hapohapo, na udongo ulikuwa umeliwa taratibu, ukawa mweusi na laini kama ngozi ya kiatu kilichovaliwa sana. Aliweka mkono. Ulikaa sawasawa, kama yai kwenye kiota.

"Hapa msipake," akasema.

"Tutakutengenezea vizuri zaidi, Haboba," mama akasema.

"Sitaki zaidi. Nataka hapa. Mkono ukilala hapa najua nimefika, na mlango uko kushoto."

"Mvua itaingilia hapohapo. Ni kidonda hicho, kitaula ukuta wote. Halafu watu watapita waseme wale wa udongo walichoka, wakaacha shimo mlangoni pa mzee."

Haboba alikipapasa kibonde mara ya mwisho. Kisha akaondoa mkono.

"Haya. Nyinyi ndio mnaoona."

Kwetu maneno kama hayo ya mzee huchukuliwa kuwa ridhaa. Tuliyachukua hivyo. Mama akapalowesha, akapakwaruza, akapajaza, akapasiriba, nami nikimshikia ndoo. Ilikuwa kazi nzuri. Ukiambiwa uonyeshe kibonde kilikuwa wapi, huwezi. Ndani ya nyumba nako moshi wa miaka mingi ulikuwa umezipaka kuta weusi unaong'aa. Tukaukwaruza wote, tukasiriba na kupaka udongo mweupe pia. Mwisho tukapamba: chini mweupe wa Kawangware, juu yake mkanda mwekundu, na juu ya mkanda maua yale tunayofuma kwenye vifuniko vya chakula. Wapita njia walisimama kutazama. Rafiki yetu wa Kawangware mwenyewe alikunja mikono akatikisa kichwa.

"Sasa hii," akasema, "hata mimi ningeilamba."

Hapa nikueleze desturi yetu moja. Kazi ikiisha, tulimsimamisha mwenye nyumba mbele ya mlango, na mama akamwuliza kwa sauti ya kusikiwa na majirani, "Nyumba hii ya zamani ama mpya?" Naye alijibu, "Mpya!" tukapiga vigelegele. Akijibu kwamba imetengenezwatengenezwa, alikuwa kama mtu uliyempikia pilau akakwambia ameshiba, basi. Aliyekandikiwa hakuwa na kitu cha kutupatia. Alitupatia neno hilo. Na mgeni yeyote akipita akaisifu nyumba, mwenye nyumba alilirudia, ili heshima ituendee sisi hata kama hatupo.

Haboba alilisema ameegemea ukuta kwa viganja vyote viwili. "Mpya! Mpya kama mimi siku niliyoletwa hapa." Vigelegele vilivuka bonde.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa ndiyo kwanza nimefika. Mama na wenzake wawili watatu walikuwa wakiosha ndoo mbele ya nyumba ya Haboba, naye ameketi kwenye kigoda juani, amevaa gurbaba yake safi, ile nguo ya kujifunga ya kina mama wa Kinubi. Afisa akatokea njiani na karani wake nyuma. Alisimama. Aliitazama nyumba kutoka chini mpaka juu, na nitasema haki: ilimpendeza. Alitabasamu kama mtu aliyekutana na kitu ambacho hakukitarajia.

"Mzuri sana," akasema kwa Kiswahili chao cha masetla. "Mama, hii nyumba mupya?"

Haboba alisikia sauti ya mgeni anayesifu. Akanyoosha shingo. Niliona kinywa cha mama kikifunguka, lakini kumkatiza mzee akimjibu mgeni ni jambo gani hilo? Na Haboba alikuwa ameshajibu, kwa sauti kubwa, ili sisi kwenye ndoo tusikie.

"Mpya, Bwana! Mpya kabisa! Watoto wangu hawa ndio walionijengea."

Walionijengea. Karani alitazama chini. Tabasamu la yule Mzungu lilikaa kidogo, kisha likaondoka.

Mama akafuta mikono kwenye nguo akaenda mbele yake. "Bwana, nyumba hii ya zamani. Tumerekebisha tu. Kurekebisha si ruhusa?"

"Yeye nasema mupya. Mwenyewe nasema."

"Anashukuru, Bwana. Ni asante hiyo. Kwetu asante husemwa hivyo."

Afisa alizungumza na karani kwa Kiingereza. Karani akamgeukia mama. Alikuwa kijana mpole, sidhani alikuwa mtu mbaya. "Mama, Bwana anasema kama ni ya zamani, mwonyeshe hiyo ya zamani iko wapi."

Tukaitafuta. Utacheka, au utalia: kundi la wanawake wazima tukizunguka nyumba moja ndogo tukitafuta mahali ilipokuwa mbovu. Tulitazama paa, na madebe yakatumulika machoni. Tukatazama nguzo ya pembeni, nayo ilikuwa ingali na maganda mabichi. Mama akamwingiza karani ndani amwonyeshe moshi, na ndani kulikuwa kweupe. Kila shahidi tuliyemwendea tulikuwa tumemzika kwa mikono yetu.

Ndipo mama alipokumbuka kibonde. Alikwenda upande wa mlango akaanza kuukwangua ukuta kwa kucha, kisha kwa jembe dogo la palizi. "Hapa," akasema, "hapa palikuwa na mahali pa mkono wake, peusi, miaka na miaka." Udongo ulitoka bonge zima. Wa zamani na mpya vilikuwa vimeshikana, kama alivyokuwa akivishikisha siku zote. Karani alilipokea bonge, akalivunja, akalitazama ndani.

"Mama," akasema taratibu, "mimi naona udongo tu."

Mzee wa mtaa aliitwa akaja, akaapa kwamba aliijua nyumba hiyo tangu kabla ya vita. Majirani wakaapa. Afisa aliwasikiliza wote, kisha akasema maneno machache, na karani akatufasiria: kwamba watu wa Kibra ni ndugu, na ndugu huapiana. Wakaondoka wakipanda njia. Sisi tukabaki na ndoo.

"Nimesema nini?" Haboba aliuliza. Alikuwa amegeuza uso kutufuata, lakini alikuwa akitazama mahali tusipokuwa. "Kuna nini? Nimesema vibaya?"

Yule rafiki yetu wa Kawangware alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya leso.

"Umesema vizuri, Haboba," mama akasema mwishowe. "Umesema vile inavyosemwa."

Walikuja kuivunja katikati ya wiki, nami nilikuwa kwa Wazungu nikisukuma gari la mtoto chini ya miti ya jakaranda. Mama alinisimulia mara moja tu. Alisema askari walipewa sururu, wakaruhusu vitu vya Haboba vitolewe kwanza: mkeka, sanduku, vyungu, kitanda cha kamba. Alisema ukuta wa mbele ulikataa kuanguka. Walipiga mpaka wakavua makoti. Mmoja wao, akihema, alijifuta jasho akageukia watu akauliza, kwa kusifu kabisa, "Ni nani aliyekandika hapa?"

Mama alikuwa amesimama mbele yake.

Haboba akahamia kwetu. Tulimpa kitanda kizuri, na hakuna aliyemtazama vibaya, lakini mtu anayeona kwa kiganja ukimhamisha umempofusha mara ya pili. Aliingia jikoni akitafuta mlango. Aligonga mitungi. Asubuhi, mama akigeuka kidogo, Haboba alikuwa ameshatoka, na tulijua pa kumfuata: alikuwa amesimama kwenye kile kiwanja kitupu, amenyoosha mkono mbele, kiganja wazi, kwenye usawa wa kifua. Watoto wa mtaa hawakumcheka. Hilo lilinitisha zaidi.

Rafiki yetu wa Kawangware alimtazama hivyo siku moja, akaweka kikapu chini. "Nipeni mimi," akasema. "Kwetu mtu akijengewa kwenye shamba la ukoo, anaulizwa mwenye shamba. Haulizwi mwenye fimbo. Na mume wangu nimeshamwuliza."

"Amekubali?" mama akauliza.

"Nimekwambia nimemwuliza. Sikusema nimemngoja ajibu."

Basi Jumamosi zetu zikahamia Kawangware. Tulivuka mabonde na mashamba ya mahindi, tukajenga kibanda cha chumba kimoja nyuma ya ghala la rafiki yetu. Kule udongo ni mzuri kuliko wetu, mwekundu, mzito, na hakuna aliyetuuliza kama ni mpya. Ulipofika wakati wa kusiriba, mama alimshika Haboba mkono akampeleka kando ya mlango, usawa wa kifua, akaubonyeza mkono ule kwenye udongo mbichi.

"Hapa, Haboba. Hapa patakuwa pako."

Ulipokauka, Haboba alipapapasa. Alirudia tena na tena, akifuatisha alama kwa ncha za vidole.

"Hapa pana vidole," akasema. "Pangu hapakuwa na vidole."

"Ni muda tu. Palichukua miaka pale."

"Muda mimi sina, binti yangu."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeambiwa akope unga kwa jirani, naye anajua jirani hana. Aliishi pale mpaka majira ya baridi, ule mwezi wa ukungu usioondoka Kawangware mpaka mchana. Rafiki yetu alimpelekea uji kila asubuhi, akamvika sweta la mumewe, akamchokoza amjibu. Mwanzoni alijibu. Baadaye alikuwa akiimba ile nusu ya wimbo, akifika katikati anaanza upya. Alipofariki wanaume wetu walikwenda kumbeba, wakavuka naye mabonde yaleyale, akazikwa makaburini kwetu Kibra. Kaburi hilo ndilo kitu pekee alichoweza kuchimbiwa huko bila ruhusa ya afisa.

Ningependa kukwambia kwamba kikundi kilipata nguvu mpya. Hakikupata. Wawili waliacha, wakasema hawataki tena kushika udongo wa mtu. Mama alikaa wiki nyingi bila kugusa ndoo, na nikishuka Jumamosi nilimkuta ameketi uani akizitazama kucha zake. Kisha jirani mmoja aliyefiwa na mume akaja akasimama mlangoni, bila kuomba, kama wanavyofanya watu wenye haya. Ukuta wake wa nyuma ulikuwa umelala nusu.

Mama aliinuka. Alipitia jikoni, nami nikadhani anakwenda kuchukua ndoo. Akatoka na majivu kwenye kiganja. Tulipofika kwa yule mjane hakugusa udongo. Alimwuliza, "Wewe unataka nini kisiguswe?" Yule mwanamke hakuelewa. Mama akangoja. Alingoja mpaka yule mwanamke akatembea kuzunguka nyumba yake yote, akarudi, akaweka mkono mahali fulani juu ya dirisha ambapo sisi hatukuona kitu. Hatukumwuliza kwa nini. Tangu siku hiyo lile swali la zamani ama mpya halikuulizwa tena mtaani kwetu, na vigelegele vikaisha navyo. Kazi ikaendelea, kimyakimya, na kila nyumba tuliyoitengeneza ilibaki na kidonda kimoja cha kale kinachoonekana na mpita njia. Afisa alivigonga kwa fimbo, akapita.

Huenda wewe nawe siku moja utakuwa na Jumamosi isiyo na kazi na jirani mwenye ukuta unaobomoka. Nenda. Usikae nyumbani ukiogopa kukosea kwa sababu yetu. Udongo unajifunzwa, na mikono yako inatosha. Ila kabla hujalowesha chochote, chukua majivu makavu. Mwambie mwenye nyumba aweke kiganja ukutani, pale anapotaka paachwe, hata kama ni pabovu, hata kama ni mlangoni kabisa. Uzungushie mkono wake mstari wa majivu. Kisha paka ukuta wote, na ndani ya mstari huo usipake.